Zabibu Hakungojwa

Nazi ilimwangukia mbuzi Zabibu utosini angali ananyonya, katika shamba la minazi la Hilal bin Mansuri, hapa hapa Utende. Nyumba yangu na ya Hilal zinagusana ukuta, na asubuhi hiyo nilikuwa upenuni nimeifungua redio yangu matumbo nje. Nikasikia "ko!" Nikainua macho, nikaona kibuzi kimelala ulimi nje, na nazi iko ubavuni pake haina hata ufa. Nikasema moyoni, huyo anakata roho, akiwahiwa kwa kisu leo kwa Hilal kuna mchuzi. Sijavaa ndara, kibuzi kikasimama, kikajitikisa masikio, kikamfuata mama yake kunyonya kana kwamba kilikuwa kimepumzika tu.

Tangu hapo akawa na tabia yake. Yuko anatafuna majani, mara shingo inapinda, macho yanageuka meupe, miguu inakakamaa kama ya meza iliyopinduliwa, na chini! Ukimwekea mkono puani husikii pumzi. Muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa bila haraka, halafu anakohoa, anasimama, anaendelea kutafuna jani lile lile.

Haya nayasema mapema, maana watu wa hapa nikifungua mdomo wanacheka kabla sijasema. Kazi yangu ya serikali ilikuwa kuangalia majenereta ya umeme kule Kilindoni, na tangu nilipostaafu kazi yangu ni mdomo. Ni mimi niliyewaeleza vijana kwamba mwaka jenereta lilipokufa nilimpanda potwe, yule samaki mkubwa kuliko basi, akanifikisha Dar es Salaam kuchukua kipuri, na nauli yake nikamlipa dagaa. Wakaniambia niape. Nikaapa, "Wallahi!" Walicheka mpaka wakashika mbavu, nami nikajiona mfalme.

Basi, Hilal na mkewe Nunu wana watoto wawili, Ilyas na Amal. Amal ndiye mdogo, na Amal ana kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la kwanza. Siku ya kwanza alipoanguka shuleni wenzake walikimbia wakaacha viatu. Kuna mtu mzima, simtaji, alimtia kijiko mdomoni akamvunja jino. Baada ya hapo mtoto akagoma shule, akagoma hata kutoka uani. Kilichowatesa zaidi wazazi wake ni usingizi. Alikuwa halali. Alikuwa akiogopa kwamba siku moja atakwenda asirudi.

Aliniuliza mimi, kwa kuwa alidhani najua kila kitu: "Babu Shamte, nikianguka huwa nakwenda wapi?"

Mimi, na uongo wangu wote, nikaiinamia redio yangu.

Jibu alilipata kwa Zabibu. Alikuwa amekaa kizingitini, mbuzi akaanguka mbele yake. Amal akaganda. Akasogea kidogo kidogo, akachuchumaa, akakaa anamtazama mbuzi kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Zabibu akakohoa, akasimama.

"Babu! Ameamka!"

"Kila siku huamka huyo, bibi."

"Kila siku?"

"Hajakosa hata mara moja."

Akamkumbatia yule mnyama shingoni, na mbuzi akamla ncha ya mtandio. Usiku ule Amal alilala. Wiki iliyofuata alirudi shule, na wenzake wakimcheka anawajibu, "Hata Zabibu huanguka, na Zabibu huamka." Nunu alimwambia mke wangu Nasma, "Vidonge vya hospitali vinamsaidia mwili. Usingizi kapewa na mbuzi." Wakakubaliana nyumbani kwao kwamba mbuzi huyo haliwi wala hauzwi. Ni wa Amal.

Ikaja safari ya Dubai. Ndugu yake Nunu anaishi huko, akawatumia tiketi ili mtoto aonwe na daktari wa kichwa, na akishaonwa wote wapelekwe kwenye bustani kubwa ya michezo, ile ya mabembea marefu kuliko minara na treni zinazopita kichwa chini. Ilyas aliikariri bustani ile kama anayekwenda kufanya mtihani. Amal hakutaka kwenda. Alitaka kujua nani atakaa na Zabibu.

"Huko Dubai," Ilyas akamwambia, "hata paka ana hoteli yake. Mwenyewe akisafiri, paka anawekwa hotelini, kiyoyozi, chakula, daktari."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi huko ni biriani."

Amal alilia mpaka tukaogopa ataanguka. Nikasema, "Nyamaza, bibi. Hoteli ya Zabibu ni kwangu. Kiyoyozi ni upepo wa baharini, na mpishi ni bibi yako Nasma."

Akaja kuikagua nyumba yangu kama bwana afya. Akatazama banda, akajaribu kamba, akauliza maji yanatoka kisima gani. Mwisho akanikalisha chini na kunipa masharti.

"Akianguka, Babu, usimshike miguu. Usimmwagie maji. Usimtie kijiko mdomoni."

"Nani kaona mbuzi akatiwa kijiko, mama?"

"Mimi walinitia."

Nikaketi vizuri.

"Kaa karibu naye tu," akasema. "Mngoje. Ataamka mwenyewe."

Hilal alinishika mkono wakiwa wanapakia mizigo kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege. "Ami Shamte, wewe unajua huyu si mbuzi tu. Hii ni amana."

"Amana, mwanangu. Nendeni salama."

Sasa njoo kwenye barza ya msikiti baada ya swala ya alasiri. Ukimpa Shamte jambo la kweli atakaa nalo kimya? Niliwaeleza, na kuwaeleza kulikuwa lazima, maana kwa Hilal mbuzi alikuwa hatoki uani, na sasa yuko kwangu na watu wataona akianguka. Lakini ukweli mtupu mimi hunikaba. Nikauvisha kanzu na kilemba. Nikasema mbuzi wa Hilal hufa. Roho inatoka inakwenda hadi mlango wa Peponi, anachungulia ndani, akisikia harufu ya mabeberu wa huko ni ile ile ya huku anakata tamaa anarudi.

Walicheka sana. Aliyecheka zaidi ni Hemedi. Hemedi ni rika langu, na ndiye mchinjaji wa mtaa wetu: harusi, hitima, akika, ni yeye. Mtu wa swala zake, na kisu chake hamwazimi mtu, anasema kisu kikiwa butu dhambi inaandikwa kwa mwenye kisu.

"Shamte," akasema anajifuta macho, "siku ukifa wewe hatutakuzika. Tutakaa tu, tunasema anatania huyo."

"Nanyi mkinizika nitatoka niwadai sanda," nikamjibu.

Asubuhi ya Ijumaa nilimfunga Zabibu kwenye nyasi karibu na madrasa, mahali penye kivuli, nikaenda dukani kununua vocha ili nimpigie Amal amwone mbuzi wake. Duka lilikuwa na watu. Nikakuta mtu wa kunisikiliza, nikasimulia. Wakati ninarudi, na vocha mkononi, nikaona migongo. Watu wamezunguka pale kwenye nyasi, wanawake wamejishika viuno, watoto wadogo wasioanza shule wanaruka ili waone.

Hapa kwetu mnyama wa jirani akiwa anakata roho na mwenyewe hayupo, ni wema kumwahi kwa kisu kabla hajafa. Ukimwacha akafa kibudu, nyama ni haramu, umemtia mwenzio hasara ukitazama. Aliyekuwapo na kisu akasita hulaumiwa. Na Hemedi alikuwa anapita, anakwenda kwenye akika ya mtoto mchanga, kisu chake kimeviringishwa kitambaa.

"Mwacheni!" nikapiga kelele. "Mngojeni! Ataamka!"

Nina goti baya. Nilikimbia kama ninavyoweza, na mchanga wa pale unameza mguu. Watu wakageuka, na waliponiona ni mimi nyuso zao zikafunguka kwa kicheko.

"Huyo kaja!"

"Mwacheni mbuzi akachungulie Peponi!"

Hemedi hakucheka. Alikuwa amepiga goti, amekwisha mlaza Zabibu ubavu na kumwelekeza kibla. Akasema, "Shamte, mnyama huyu hana pumzi, ni moyo tu unapiga kidogo. Nimeweka mkono. Mali ya watu hii."

"Ataamka, Hemedi. Ndivyo alivyo. Wallahi ataamka!"

Mkono wake ukasimama. Hilo nililiona kwa macho yangu, ukasimama, na akanitazama usoni anatafuta mahali pa kunishika. Alikuwa anataka kuniamini.

Mtu nyuma akasema, "Wallahi ya potwe hiyo, au nyingine?"

Kicheko kikapasuka tena. Hemedi akainamisha kichwa. "Nikikusikiliza wewe akafa kibudu," akasema polepole, "Hilal akirudi nitamwambia nini?"

Akasoma bismillahi, akakata.

Zabibu akaamka.

Mbuzi anayechinjwa akiwa anakata roho hana vurugu. Huyu jicho lilirudi mahali pake, likaona, na miguu ikaanza kwenda, inakwenda pale pale chini kwenye mchanga, kama mtu aliyechelewa anakwenda nyumbani. Kisu kikishaanza hakirudi, lazima umalize, la sivyo ni mateso. Hemedi alimaliza. Kisha akabaki ameshika shingo ile na mikono yake miwili, damu inapita kwenye vidole.

"Aliamka," akasema.

Hakuna aliyecheka. Watoto wakaondoka mmoja mmoja.

Nyama ikagawanywa. Ilikuwa halali, na mbuzi wa kuchinjwa hazikwi. Mguu wa nyuma ukaletwa kwangu kama fungu la mwenye kulea, na Nasma akasimama mlangoni. "Mguu huo hauvuki kizingiti changu," akasema. Ukapelekwa kwa wengine. Mchana mtaa mzima ulinukia bizari na vitunguu, nasi mimi na Nasma tulikula muhogo mkavu bila kutazamana.

Nilimpigia Hilal. Alipokea, na nyuma yake nikasikia mayowe, mayowe ya watu wengi kwa pamoja, yanapanda na kushuka.

"Ami! Tuko bustanini! Sikusikii, watu wanapiga kelele kwenye treni hizi!"

"Zabibu amechinjwa."

"Amefanyaje?"

"Amechinjwa!" Ilibidi nipige ukelele, na majirani wote wakasikia.

Mayowe yakafifia. Alikuwa anatembea, anatafuta kona. Nikamweleza yote. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

"Daktari kabadilisha dawa," akasema mwisho. "Amesema asipate mshtuko kabla hajazizoea. Asijue, Ami. Asijue kabisa. Wewe si bingwa wa kutunga? Tunga."

Nasma alikuwa amesimama nyuma yangu. "Usitunge," akasema nilipokata simu.

"Baba mtu kaniomba."

"Mtoto hakukuomba."

Lakini Hemedi, kwa hiari yake, tayari alikuwa njiani kutafuta mbuzi wa kufidia. Alipanda bodaboda, akazunguka Miburani, akafika Ndagoni, mpaka akampata mbuzi jike wa kahawia mwenye baka jeupe kwenye paji, rika la Zabibu. Akarudi naye amempakata mapajani kama mgonjwa. Alikuwa Zabibu mtupu, isipokuwa mguu mmoja wa nyuma ulikuwa mweupe. Tukapondaponda hina. Wazee wawili, tumekaa uani kwangu, mmoja kamshika mbuzi, mwingine anampaka hina mguuni kama bibi harusi. Siku nyingine ningetengeneza hadithi ya kuchekesha mwaka mzima. Hemedi alikuwa anapaka, anafuta, anapaka tena.

Kesho yake Amal akapiga simu ya video, wamerudi tena bustanini. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikoba imemzunguka, nyuma yake bembea kubwa inawaka taa mchana kweupe.

"Mbona hupandi, bibi?"

"Mama kakataa. Kasema nikianguka kule juu nani atanishika. Ilyas ndiye anapanda. Mimi nalinda mikoba." Akasogeza uso karibu. "Nionyeshe Zabibu."

Nikamgeuzia simu. Akatazama. Yule mbuzi wa Ndagoni, Mungu ambariki, akatafuna.

"Ameanguka mara ngapi?"

Mtu mwenye akili angesema, ameanguka jana, akaamka, yuko salama. Nilikuwa na jibu hilo mdomoni. Lakini nilimwona pale na mikoba yake, katika bustani iliyojengwa kwa ajili ya furaha ya watoto, na yeye peke yake hapandi kitu. Nikataka kumpa zawadi. Mdomo ukaondoka bila mimi.

"Hajaanguka hata mara moja! Zabibu amepona!"

"Amepona?"

"Alikata kamba, bibi, akashuka pwani maji yakiwa yamekupwa, akavamia mashamba ya mwani ya kina mama. Akala kamba nzima ya mwani! Kina Bi Shamsa wakamkimbiza na miti, yeye huyo, karibu afike kisiwa cha Chole kwa miguu, popo wa Chole wote wakaamka wakampigia makofi. Tangu siku hiyo, haanguki."

Nilingoja acheke. Amal huwa anacheka kwenye popo.

"Mwani mkavu au mbichi?" akauliza.

"Mbichi. Na maji yake ya chumvi."

"Alhamdulillahi," akasema, kama mtu mzima, na simu ikakatika.

Waliporudi, Amal alinipa shikamoo yangu, nikaitikia marahaba, na bila kuvua viatu akaenda bandani. Mbuzi akarudi nyuma. Amal akaita, "Zabibu." Mbuzi akatazama pembeni. Akaita tena, akamnyooshea ncha ya mtandio, na mbuzi akainusa akaiacha.

"Amenisahau."

"Mbuzi hana kichwa, bibi. Mpe wiki moja tu."

"Hapana," akasema. "Aliyepona huwasahau wenzake." Hakulia. Alisema tu kama anavyosema bahari imekupwa.

Nilimwona siku zile akipita kwangu ametulia, ana siri usoni, nikadhani dawa mpya inafanya kazi. Nunu naye alidhani hivyo hivyo. Kila asubuhi anampa kidonge na maji, na mtoto anafungua mdomo anaonyesha ulimi, kimekwisha. Tulikuwa tunashukuru Mungu.

Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, nikasikia ukemi unatoka pwani. Ukemi wa wanawake wa mwani naujua, huwa wanaitana na kuchekana. Huu ulikuwa mwingine. Nilipofika ufukweni Bi Shamsa alikuwa anatoka majini amembeba Amal, kichwa kinaning'inia. Maji pale hayazidi magoti. Alikuwa ameingia kwenye mstari wa Bi Shamsa, ameshika kamba kwa mikono miwili, anakula mwani mbichi, anajaza mdomo, anachota maji ya chumvi anasukumia. Kina mama walimwona kwa mbali wakadhani anachezea mazao yao, wakamfokea. Ndipo alipoanguka, kifudifudi.

Bi Shamsa alimlaza mchangani, akamwingiza kidole kooni, akatoa mwani. Akaingiza tena, akatoa. Mtoto alikuwa na rangi ya majivu. Alipotapika maji, kina mama wote walikaa chini kwa pamoja, kama waliokatwa miguu.

Walimkimbiza hospitali Kilindoni kwa bodaboda, katikati ya Hilal na dereva. Maji yalikuwa yameingia mapafuni. Akapata homa, akalazwa, anapumua kwa kelele kama msumeno. Nunu alikwenda nyumbani kuchukua shuka, akatikisa mto, vidonge vikamwagika. Alikuwa anavificha shavuni, akibaki peke yake anavitema.

Alipoweza kusema, alimwambia mama yake, "Zabibu hakunywa vidonge."

Hilal alinifuata nje ya wodi. Ndevu zake hazijachanwa, kanzu ina chumvi mpaka kifuani.

"Ami," akasema. "Mtoto anakataa dawa. Mwuguzi kambembeleza, mama yake kamlilia. Anasema anangoja mwani ufanye kazi, kwamba hakula wa kutosha. Nilikwambia utunge. Sasa nakuomba ukafute."

"Kafute wewe. Wewe ndiye baba."

"Mimi nimemwambia. Anasema Babu Shamte ndiye aliyekuwapo." Akajaribu kucheka. "Kisiwa kizima, Ami, mtu anayekusadiki ni mmoja."

Nikaingia. Alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile. Nikavuta kiti.

"Amal. Mbuzi aliye nyumbani si Zabibu."

Akageuza macho.

"Habari ya mwani niliitunga. Hakuna aliyepona. Zabibu alianguka, kama siku zote."

"Ulikuwa karibu naye?"

"Nilikuwa dukani. Nilikuja mbio."

"Palikuwa na watu?"

"Walikuwapo wengi."

"Hawakumngoja?"

"Walidhani anakufa. Wakamwahi."

Mtoto wa kwetu haelezwi maana ya kumwahi mnyama. Kifua chake kilipiga msumeno wake.

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Hawakunisadiki."

"Babu Hemedi," akasema. Sikuitikia. Hakuwa anauliza. Kisha akanitazama sawasawa, na nikajua swali gani linakuja, nikaomba Mungu lisije.

"Aliamka?"

Nilikuwa na jibu zuri. Hakuamka, bibi, hakusikia kitu, alikwenda usingizini. Lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Lakini mtoto alikuwa anauangalia mdomo wangu, si macho yangu, kama mtu anayeangalia mlango ambao nyoka aliwahi kutokea. Nikajua nikiongeza hata punje moja, vidonge havimezwi.

"Aliamka," nikasema. "Kisu kilikuwa kimekwisha pita."

Alifumba macho. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anawaza tu. Halafu akanyoosha mkono kwa mama yake, kiganja wazi, Nunu akaweka kidonge, na Amal akakimeza, akafungua mdomo akatuonyesha, na chini ya ulimi, na mashavu yote mawili.

Nje Nunu aliniambia, "Ahsante, Ami. Umefanya vyema." Nasma alikuwa ananingoja kwenye benchi. Alinishika kiwiko tukaenda.

Tangu hapo Amal hajawahi kuacha dawa. Hakumbushwi. Anaikumbuka kabla ya mama yake, na akisikia imebaki kidogo anamwamsha baba yake alfajiri aende Kilindoni. Daktari kasema huyu ni mgonjwa wa mfano. Anaanguka mara chache sasa. Mbuzi wa Ndagoni walimrudisha, Amal mwenyewe ndiye aliyeomba arudishwe.

Ila dawa haijamaliza yote. Juzi kwa Hilal palikuwa na hitima ya marehemu mama yake mzazi. Tumekaa uani kwenye majamvi, sinia zimekwisha toka, Amal anapitisha birika la kunawia mikono. Nikaliona birika linainama, na kabla halijafika chini mtoto alikuwa chini.

Hakuna aliyekimbia. Siku hizi watu wa Utende wanajua, Nunu kawafundisha wote, nyumba kwa nyumba. Mtu akasogeza sinia. Mwingine akamwekea mtandio chini ya kichwa. Hakuna aliyemshika miguu, hakuna aliyeita maji wala kijiko. Tukakaa, wanaume kwa wanawake, tunangoja. Hemedi alikuwa mwisho wa jamvi. Alisimama polepole, akaenda hadi kwenye lango la nje, akasimama pale amegeuza uso barabarani, mikono yake kaiweka nyuma.

Ilichukua muda. Kisha mwili ukalegea, kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri. Kina mama wakashusha pumzi.

Amal hakufungua macho. Mkono wake wa kulia ulijikokota juu ya jamvi, ukapanda kifuani, ukafika shingoni. Akaipapasa. Alianza chini ya sikio moja, akapita kooni taratibu, anabonyeza, mpaka chini ya sikio la pili. Akarudia. Halafu akavileta vidole mbele ya uso wake, karibu kabisa, akafungua macho, akavitazama.